Kubadilisha Vifaa Vilivyochakaa Katika Mtambo wa Nyuklia: Kusoma Dalili Kabla ya Kuagiza Kipuri

Vinu vingi vya nyuklia vinavyozalisha umeme duniani leo vilijengwa katika miaka ya 1970 na 1980, vikapewa leseni za miaka 30 au 40, na sasa wenye mitambo hiyo wanaomba waongezewe 20 juu yake. Koeberg, mtambo pekee wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi barani Afrika, uliopo ufukweni kaskazini mwa Cape Town, ndio mfano ulio karibu nasi: kinu chake cha kwanza kilianza kazi ya kibiashara mwaka 1984 na cha pili mwaka 1985, na leseni ya kinu cha kwanza imeshaongezwa hadi Julai 2044. Hakuna kinu kitakachofikisha miaka 60 kikiwa na vifaa vile vile kilivyoanza navyo. Jenereta za mvuke hubadilishwa, kifuniko cha chombo cha kinu hubadilishwa, kebo, pampu, transfoma na kadi za elektroniki hubadilishwa. Ambavyo kwa kawaida havibadilishwi ni viwili tu, yaani chombo chenyewe cha kinu na jengo la zege linalokizunguka. Hivyo vikichoka, mtambo wote umechoka.

Mwongozo huu unaanzia pale fundi anapoanzia, yaani kwenye dalili. Umeandikwa kwa kufikiria vinu vya aina ya Koeberg, ambamo maji ya mzunguko wa kwanza hupita kwenye kinu chini ya shinikizo la takriban baa 155 bila kuchemka, kisha hupeleka joto lake kwa maji ya mzunguko wa pili kupitia kuta za mirija ya jenereta ya mvuke. Katika kila dalili swali la kwanza ni lile lile: ni kitu gani kilichokichosha kifaa hiki? Anayeagiza kipuri kabla ya kulijibu swali hilo huondoa kifaa na kuuacha ugonjwa palepale ulipokuwa, na kipuri kipya hurithi hatima ya kile cha zamani, mara nyingine kwa haraka zaidi.

Mionzi imeonekana kwenye mvuke wa mzunguko wa pili

Mvuke unaokwenda kwenye tabo, mashine inayozungushwa na mvuke ili kuendesha jenereta ya umeme, hautakiwi kuwa na mionzi, kwa sababu maji yaliyouzaa hayajagusana na yale yaliyopita kinuni. Ukionekana kuwa nayo, kuna mrija unaovuja ndani ya jenereta ya mvuke, ambayo tusiichanganye na jenereta ya umeme iliyo upande wa pili wa tabo. Kipimo cha haraka ni kile cha naitrojeni-16, ambayo huzaliwa ndani ya kinu pale oksijeni iliyo katika maji inapopigwa na nyutroni, na ambayo nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni sekunde 7 tu. Ikigunduliwa kwenye bomba la mvuke, basi maji yamevuka ukuta wa mrija muda mfupi sana uliopita. Kipimo cha pili ni cha gesi zinazofyonzwa kutoka kwenye kondensa, ambamo mvuke uliotoka kwenye tabo hupozwa uwe maji tena, na cha tatu ni sampuli ya maji ya chini ya jenereta inayopelekwa maabara. Vipimo hivi vitatu vilinganishwe kabla ya lolote lingine, kwa sababu kipima mionzi nacho ni kifaa kinachozeeka, na si mara moja ambapo kilichoonekana kuwa uvujaji kimegeuka kuwa kipimaji kilichopoteza urekebishaji wake.

Uvujaji ukithibitika, kinachopaswa kumsumbua mwendeshaji ni kasi ya ongezeko lake kuliko kiasi chake. Nchini Marekani masharti ya kiufundi ya leseni huruhusu, kwa kawaida, galoni 150 kwa siku kupitia jenereta moja, sawa na lita 570 hivi, lakini mwendeshaji mwangalifu hasubiri kufika huko. Uvujaji wa lita 10 kwa siku ambao haujabadilika kwa miezi miwili unatisha kidogo kuliko ule wa lita 3 ambao asubuhi ulikuwa wa lita 1, kwa sababu ufa unaotanuka hauna ratiba.

Kinu kikishazimwa na kupoa, uchunguzi hufanywa kwa mikondo ya eddi, yaani mikondo midogo ya umeme inayoamshwa na sumaku ndani ya chuma: kichunguzi chembamba chenye koili husukumwa ndani ya mrija mmoja mmoja hadi mwisho wake, kisha huvutwa kwa mwendo wa kudumu huku mchambuzi akisoma mchoro unaochorwa kwenye skrini. Mrija mzima huchora mstari tulivu unaokatwa na alama za mabamba ya kuushikilia, na mrija wenye kasoro huchora kitanzi kilichoinama, ambacho pembe yake humwambia mchambuzi kina cha kasoro na upande iliko. Mahali kasoro ilipo ndipo penye jibu la chanzo. Nyufa zilizo karibu na bamba nene la chini, lile linaloshika ncha za mirija, au kwenye mikunjo myembamba ya juu, mara nyingi ni kazi ya kutu na mkazo kushirikiana, ugonjwa uliozisumbua sana jenereta za zamani zilizotengenezwa kwa aloi 600, ambayo ni nikeli yenye kromiamu ya asilimia 14 hadi 17. Ulikaji ulio sawasawa na pale mrija unapogusana na kishikizi ni kazi ya mtetemo. Kovu moja peke yake, juu kidogo ya bamba la chini, kwenye mirija miwili au mitatu iliyopakana, ambalo halikuwapo katika uchunguzi uliopita, karibu kila mara ni kitu kigeni kilichoingia na maji: kipande cha waya, ncha ya elektrodi, nati. Hapo hakuna sababu ya kuagiza jenereta mpya, ila kuna sababu nzuri sana ya kutokiwasha kinu mpaka kitu hicho kimetafutwa kwa kamera na kutolewa. Matope mengi juu ya bamba nayo humaanisha kwamba kemia ya maji ya mzunguko wa pili imeharibika, au kondensa inaingiza maji ya bahari, na jenereta mpya ikifungwa juu ya tatizo hilo italirithi.

Mrija mbovu huzibwa ncha zote mbili na kuachwa humo humo. Dawa hiyo ni halali na hutumika kila mwaka, lakini ina kikomo, kwa kuwa kila mrija unaozibwa hupunguza eneo la kupitishia joto, na kila kipindi cha kuzimwa kwa matengenezo huwa kirefu kuliko kilichotangulia kwa sababu uchunguzi umekuwa mpana zaidi. Idadi ya mirija iliyozibwa inapokaribia ile iliyokadiriwa katika hesabu za usalama, au leseni inapotakiwa kuongezwa, ndipo jenereta nzima hubadilishwa, na mirija ya jenereta mpya leo huwa ya aloi 690, yenye kromiamu ya takriban asilimia 27 hadi 31. Huko Koeberg kila kinu kina jenereta tatu. Kinu cha kwanza kilizimwa Desemba 2022 kwa kazi hiyo kikarudi Novemba 2023, na cha pili kikazimwa Desemba 2023 kikarudi mwishoni mwa Desemba 2024. Anayepanga kazi kama hii kwa hesabu ya miezi mitano aiangalie kalenda hiyo mara mbili.

Vichujio vinaziba kila baada ya siku mbili

Dalili hii ningetaka kila fundi wa mtambo aikariri, kwa kuwa iliwahi kuonekana kwa muda mrefu, ikatibiwa kwa bidii, na haikusomwa. Katika mtambo wa Davis-Besse, jimboni Ohio, vichujio vya vipima mionzi vya hewa ndani ya jengo la kinga, yaani lile la zege linalokizunguka kinu, vilianza kuziba mapema kuliko desturi, kwanza kila baada ya wiki kadhaa, hatimaye karibu kila baada ya siku mbili. Vilikuwa vimejaa vumbi la asidi ya boriki, ambalo kwa kawaida ni jeupe, lakini humo lilikuwa na wekundu wa kutu. Vipoza-hewa vya jengo hilo navyo vililazimika kusafishwa tena na tena. Kila kazi ilifanywa vizuri: kichujio kilibadilishwa, kipoza kikaoshwa, kadi ya kazi ikafungwa.

Sasa tuitafsiri dalili hiyo ipasavyo. Maji ya mzunguko wa kwanza hutiwa boroni ili kudhibiti mmenyuko wa nyuklia, kwa hiyo yakivuja na kukauka huacha unga mweupe. Unga huo ukiwa mweupe mtupu, kuna uvujaji mdogo mahali fulani. Ukiwa mwekundu au wa kahawia, asidi imekula chuma cha kaboni, na swali lililobaki ni chuma kipi, kwa sababu sehemu nyingi zinazoguswa na maji hayo zimevikwa chuma cha pua na haziliki. Jibu lilipatikana Machi 2002. Mafundi walipokuwa wakirekebisha mojawapo ya mirija ya kupitishia fimbo za udhibiti juu ya kifuniko cha chombo cha kinu, mrija ule uliyumba ilhali ulitakiwa kuwa umeshikwa imara na chuma cha unene wa takriban milimita 165. Walipoondoa rundo la unga wakakuta shimo. Chuma chote cha kaboni pembeni mwa mrija kilikuwa kimekwisha, na kilichokuwa kikizuia maji ya baa 150 na ushei ni utando wa ndani wa chuma cha pua wenye unene usiofika milimita 10, ambao haukuwekwa pale kwa ajili ya kubeba shinikizo.

Chanzo kilikuwa mirija ya aloi 600, ile ile iliyozichosha jenereta za mvuke. Ilipata nyufa, nyufa zikavujisha, na asidi ikafanya kazi yake chini ya unga ambao haukuwa umesafishwa kikamilifu ili chuma kionekane. Cha kufunza zaidi ni kilichofuata. Kifuniko mbadala kilitoka katika mtambo wa Midland, Michigan, ambao ujenzi wake ulisitishwa kabla haujakamilika, na kinu kikarudi kazini Machi 2004. Kifuniko hicho hakikuwa kimetumika, lakini mirija yake nayo ilikuwa ya aloi 600, na mwaka 2010 ilikutwa na nyufa. Mwaka 2011 kilibadilishwa tena, safari hii kwa kifuniko chenye mirija ya aloi 690. Kipuri kisichotumika si lazima kiwe kipuri kipya; kikiwa cha nyenzo ileile, katika joto lilelile na maji yaleyale, kinaanza kuhesabu siku zilezile.

Kwa fundi anayekutana na unga wa boroni leo, utaratibu ni mfupi. Piga picha kabla ya kugusa. Chukua sampuli na uangalie rangi na kiwango cha chuma. Ufuate mkondo wake kwenda juu, kwa kuwa uvujaji hushuka na unga hujikusanya chini ya chanzo chake. Safisha mpaka chuma kionekane, na pasipofikika kwa mkono paingizwe kamera. Kufunga kadi ya kazi kwa kuandika kwamba unga umeondolewa, bila kutaja ulikotoka, ni kuiacha kazi nusu.

Bomba lisilotoa dalili yoyote

Kuna uchakavu usio na mvujo, mlio wala mtetemo. Mabomba ya chuma cha kaboni ya mzunguko wa pili hulindwa na tabaka jembamba la oksidi, na maji ya moto yenye oksijeni kidogo sana huliyeyusha tabaka hilo polepole. Pale mtiririko unapovurugika, baada ya kiwiko, baada ya valvu, baada ya bamba lenye tundu la kupimia mtiririko, uyeyukaji huwa wa kasi, na ukuta hupungua kwa eneo pana badala ya kutoboka mahali pamoja. Ndiyo maana bomba la namna hii halitangulizi tone. Hupasuka lote kwa mara moja. Katika mtambo wa Surry, Virginia, Desemba 1986, bomba la maji ya kulishia jenereta lilipasuka hivyo na wafanyakazi wanne wakafa kwa majeraha ya moto. Tarehe 9 Agosti 2004 jambo lilelile lilitokea katika kinu cha tatu cha Mihama, Japani, ambako bomba lililokuwa na unene wa milimita 10 lilikuwa limebaki na chini ya milimita 2, mbele kidogo ya bamba la kupimia mtiririko. Maji ya nyuzijoto 140 hivi yaligeuka mvuke papo hapo na watu watano wakapoteza maisha. Hapakuwa na mionzi katika ajali hiyo, wala haikuhitajika mionzi ili kuua.

Kilichokosekana Mihama kilikuwa mstari mmoja katika orodha. Sehemu ile ya bomba haikuwa imeandikwa kwenye orodha ya sehemu za kukaguliwa, na tangu kinu kianze kazi mwaka 1976 haikuwa imepimwa unene hata mara moja. Kwa hiyo utatuzi hapa unaanzia mezani. Chukua michoro ya mabomba, zungushia kila mahali mtiririko unapovurugika katika mabomba ya chuma cha kaboni yanayopitisha maji au mvuke wenye unyevu, kisha linganisha na orodha ya ukaguzi. Kila duara lisilo na tarehe ya kipimo cha mawimbi ya sauti lipewe tarehe. Vipimo viwili vilivyopishana miaka kadhaa vinatosha kukadiria kasi ya kupungua na mwaka ambao ukuta utafika kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Bomba likibadilishwa, lisirudishwe la chuma kilekile ikiwa linaweza kuwekwa la chuma chenye kromiamu ya asilimia 1 au 2 na molibdeni kidogo, kwa maana hata kromiamu hiyo ndogo hupunguza uyeyukaji kwa kiasi kikubwa.

Pampu inatetemeka, beringi zinakufa mapema

Hapa sitakaa sana, kwa sababu fundi yeyote wa kiwandani, awe wa sukari, wa saruji au wa nyuklia, anaijua njia. Beringi iliyokufa mara moja ni beringi. Iliyokufa mara tatu ni dalili ya kitu kingine. Mtetemo unaolingana na mzunguko mmoja wa shafti huelekeza kwenye mzani wa sehemu inayozunguka, ule wa mizunguko miwili huelekeza kwenye shafti za mota na pampu kutokaa mstari mmoja, na sauti kama ya changarawe zikipita ndani ya pampu huelekeza kwenye mapovu yanayozaliwa na kupasuka kwa sababu shinikizo la upande wa kufyonza ni dogo. Boliti za msingi zilizolegea hubeba lawama ya nusu ya haya, nazo huonekana kwa spana tu.

Ishara za ajabu kutoka kwenye makabati ya elektroniki

Mfumo wa ulinzi ukitoa ishara isiyolingana na hali ya mtambo, kisha ikatoweka kabla fundi hajafika, kishawishi ni kuichomoa kadi, kuingiza nyingine na kusonga mbele. Kadi iliyochomolewa isitupwe, maana ndiyo shahidi. Aprili 2005, kinu cha tatu cha Millstone, jimboni Connecticut, kilizimika kutokana na ishara ya uongo, na uchunguzi wa kadi ulionesha unyoya wa bati, mwembamba kuliko unywele, uliokuwa umeota wenyewe kutoka kwenye sehemu iliyopakwa bati na kugusa sehemu ya jirani. Bati tupu huota nyoya kama hizo baada ya miaka, na bati lililochanganywa na risasi huota kidogo sana. Ni jambo la kukumbuka wakati wa kununua kadi mpya, kwa kuwa viwanda vingi vya elektroniki vya leo vimeacha kutumia risasi kwa sababu za mazingira.

Sababu ya kawaida zaidi ni kapasita za elektroliti, ambazo ndani yake mna kimiminika kinachokauka. Kanuni ya mkono inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha kadi nzima, fungua kabati na utazame: kichwa cha kapasita kilichovimba, alama ya kahawia kwenye ubao chini ya rizista, vumbi lililoziba tundu za hewa, feni isiyozunguka. Feni ya bei ndogo iliyosimama miaka mitatu iliyopita inaweza kuwa ndiyo iliyoua kadi zote za rafu ya juu, na kadi mpya zikiwekwa kwenye kabati hilo bila kuirekebisha feni zitaifuata njia hiyohiyo.

Tatizo gumu zaidi ni pale kipuri kinapokuwa hakitengenezwi tena. Kiwanda kimefungwa au kimeuzwa, na aliyebuni kadi amestaafu. Njia zilizopo ni kununua akiba kutoka mtambo uliokwisha kufungwa, kuinakili kadi kwa kuipima kiungo kwa kiungo, kununua kifaa cha kawaida cha sokoni na kukithibitisha kwa majaribio ya joto, mtikisiko na mionzi, au kuhamia kwenye mfumo wa kidijitali. Kila njia ina maradhi yake. Akiba ya mtambo mwingine ina umri sawa na kadi unayoitoa. Mfumo wa kidijitali unaotumia programu moja katika mikondo yote minne ya ulinzi unaweza kukosea katika mikondo yote minne kwa pamoja, jambo ambalo relei za zamani hazikuwa nalo. Kifaa cha sokoni nacho kinakuja na cheti, na cheti kinaweza kuwa cha uongo: mwaka 2012 na 2013 Korea Kusini ililazimika kuzima baadhi ya vinu vyake baada ya kugunduliwa kwamba vipuri, zikiwemo kebo za udhibiti, vilikuwa vimefungwa kwa vyeti vya kughushi. Kipuri kisipimwe kwa karatasi zake peke yake.

Kuhusu kebo zilizokwisha kufungwa, neno moja. Insuleshini ya kebo iliyo karibu na mabomba ya moto hukauka na kukakamaa kabla kipimo cha umeme hakijaonesha kasoro yoyote, kwa hiyo kipimo cha ohmu kinaweza kusifu kebo ambayo ikikunjwa itapasuka. Vipande vya kebo vilivyowekwa makusudi karibu na joto hilo, vikatolewa kila baada ya miaka na kuvutwa mashineni ili kuona vinarefuka kiasi gani kabla ya kukatika, husema ukweli zaidi. Kipande kisichorefuka hata kwa asilimia 50 kimefika mwisho. Kebo zinazopita kwenye mifereji ya chini ya ardhi zina adui mwingine, ambaye ni maji yaliyotuama, na dawa ya kwanza hapo ni pampu ya kukausha mfereji.

Kutu inayotoka nje kuja ndani

Mkazi wa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kufundishwa kwamba hewa ya bahari hula mabati. Asichotegemea labda ni kwamba hewa hiyohiyo huvipata pia vyuma vya pua, kwa namna nyingine. Haviwi vyekundu wala kumumunyuka. Chumvi hutua juu yake, unyevu wa usiku huiyeyusha, na pale penye mkazo uliobaki baada ya uchomeleaji panaanza nyufa nyembamba kama mizizi, ambazo jicho halizioni mpaka zimepenya. Koeberg ilipata shida hii kwenye matangi makubwa ya nje yanayohifadhi maji ya boroni ya kujazia kinu wakati wa kubadilisha mafuta ya nyuklia na wakati wa dharura, na matangi yenyewe ikabidi yabadilishwe. Anayeona madoa madogo ya unga mweupe kando ya mstari wa kuchomelea, upande wa nje wa tangi, asidhani ni ndege.

Zege nalo huingiwa na chumvi. Ikifika kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na zege hubanduka kwa vipande. Nyundo ndogo bado ni kifaa kizuri cha kwanza: zege zima hujibu kwa mlio mkali, na lililoachana ndani husikika kama mtungi mtupu. Kuziba kwa simiti mpya bila kushughulikia chumvi iliyokwisha ingia hudumu miaka michache tu, ndiyo sababu kwenye majengo ya kinga ya ufukweni huzungumzwa habari ya kuzilinda nondo kwa mkondo mdogo wa umeme.

Kifaa kipya kimefungwa, na hapo ndipo shida ilipoanza

Kubadilisha kifaa kikubwa ni upasuaji, na mgonjwa anaweza kuumizwa na upasuaji wenyewe. Aina ya kwanza ya majeraha ni kitu kilichosahaulika ndani. Mwishoni mwa Desemba 2005 jenereta ya umeme ya kinu cha kwanza cha Koeberg iliharibiwa na boliti iliyoachwa ndani yake, na rota mbadala, yaani sehemu yake inayozunguka, ikabidi iletwe kutoka Ufaransa kwa meli wakati Cape Town ikikatiwa umeme kwa zamu. Kila kinachoingia ndani ya mashine iliyofunguliwa kiandikwe, kifungwe kamba, na kihesabiwe kikitoka. Hesabu isipotimia, mashine haifungwi, hata kama ni usiku wa manane na kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Aina ya pili ni jengo kuumizwa kwa kutoboa njia ya kupitishia kifaa. Katika mtambo wa Crystal River, Florida, mwaka 2009, ukuta wa zege wa jengo la kinga, wenye unene wa zaidi ya mita 1, ulikatwa ili kupitisha jenereta mpya za mvuke. Ndani ya ukuta huo mna kamba za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa, na zilipolegezwa ili kukata, zege liliachana kwa ndani, tabaka kutoka kwa tabaka. Walipokwisha kukarabati na kuanza kuzivuta tena mwaka 2011, likaachana upande mwingine. Februari 2013 mwenye mtambo alitangaza kwamba hautawashwa tena, na jenereta mpya hazikuwahi kuzalisha mvuke wa kuuza.

Aina ya tatu ni kifaa kipya kuwa tofauti na cha zamani kwa namna isiyopimwa vya kutosha. Jenereta za mvuke za San Onofre, California, zilibadilishwa mwaka 2010 na 2011, zikaja na mirija 9,727 kila moja badala ya 9,350, na ilikuwa ya aloi 690, yaani nyenzo bora. Tarehe 31 Januari 2012, kinu cha tatu kikiwa kimetumia jenereta zake kwa chini ya mwaka mmoja, mrija mmoja ulivuja. Uchunguzi ulikuta mirija ya eneo la mikunjo ikisuguana yenyewe kwa yenyewe, na minane ilishindwa jaribio la shinikizo. Hesabu za kompyuta zilikadiria mwendo wa mvuke kuwa wa chini kuliko ulivyokuwa kweli, vishikizi havikuizuia mirija kuyumba kwenye uelekeo wa mkunjo wake wenyewe, na mirija ikaanza kucheza kwa pamoja. Juni 2013 vinu vyote viwili vilivyokuwa vimebaki mtamboni hapo vilifungwa moja kwa moja. Kwa hiyo dalili ya ulikaji ikionekana mapema kwenye jenereta mpya isiandikwe kuwa ni kuzoeana kwa vyuma. Mirija yote ipimwe kabla ya kuwashwa kwa mara ya kwanza ili pawe na kipimo cha kulinganishia, ipimwe tena kinu kinapozimwa kwa mara ya kwanza kwa matengenezo, na ramani ya kasoro ichorwe. Kasoro zilizojikusanya mahali pamoja zina chanzo kimoja.

Kinabaki kifaa kilichotolewa. Mafundi wengi humaliza kazi kinapopita mlangoni, ilhali hakuna ushahidi mzuri zaidi wa jinsi vilivyobaki vinavyozeeka. Jenereta kuukuu ina mionzi na huhitaji jengo lake la kuhifadhiwa, na Koeberg yenyewe iliahirisha kazi ya kinu cha pili mwaka 2022, jengo hilo likiwa miongoni mwa vitu ambavyo havikuwa tayari. Nafasi ya kukihifadhi kifaa cha zamani iingizwe kwenye ratiba kabla ya meli ya kifaa kipya, na kabla mlango wa jengo hilo haujafungwa vikatwe vipande vya mirija yenye nyufa, vipewe namba za safu mlalo na safu wima vilikotoka, na vipelekwe maabara ambako urefu wa kila ufa utalinganishwa na ule uliokadiriwa na kichunguzi miaka yote ile.